Makochi ya Temple Hills

Jumamosi, 4 Oktoba 2008

Rahma kapata viza. Kapiga simu kutoka Tanga, analia. Na mimi nikalia kidogo. Kisha nikaitazama fleti yangu, nikalia zaidi.

Tatizo ni hili. Tangu tufunge ndoa, kila nikiongea naye kwenye simu nimekuwa nikiipamba nyumba. Nilianza na kochi moja. Akafurahi, nikaongeza la pili. Baadaye likaja kabati la vioo, kisha meza ya kulia na viti vyake. Mwaka jana nikatundika mapazia. Yote kwa mdomo. Vilivyopo hasa ni godoro sakafuni, kiti cha plastiki cha bustanini, na zulia linalonuka mbwa. Sijawahi kufuga mbwa. Jengo lenyewe ni la zamani, la matofali, hapa Bladensburg, nje kidogo ya Washington. Mabomba yanagonga ukutani kama kuna mtu amefungiwa humo.

Mshahara wa kuegesha magari ya watu kwenye gereji ya mjini haununui makochi. Lakini akili hainunuliwi. Nina wiki tatu hivi. Naanza na zulia. Nimesikia chini ya mazulia ya majengo haya ya kale kuna mbao ambazo matajiri wanazililia.

Jumapili, 5 Oktoba

Mbao zipo. Zipo pembeni. Katikati ya sebule kuna saruji na gundi nyeusi ambayo bado inanata. Ndala yangu ya kushoto imenasa pale na imegoma kutoka. Nikataka kulirudisha zulia, lakini nilikuwa nimeshalikata vipande ili liingie kwenye pipa la taka, na mvua imelinyeshea.

Gitau kapanda kutoka chini kulalamika kwamba vumbi linamwagikia sufuria yake. Gitau ni Mkenya, anasafisha maofisi, ana pikapu, na kwa maoni yake hakuna asichokijua. Kaitazama sakafu kwa muda mrefu. Kauliza kama haya yamenipata au nimejifanyia mwenyewe. Nikamjibu kwamba ukarabati una hatua zake.

Jumanne, 7 Oktoba

Rangi. Duka la vifaa vya ujenzi huuza kwa bei ya kutupa rangi ambazo wateja wamezirudisha. Nimechukua ya pinki, ya kijani na ya machungwa. Kwa hesabu yangu zikichanganywa zitatoa rangi ya krimu.

Zimetoa rangi ya maini. Tena maini yaliyolala. Nimepaka ukuta mmoja na nusu, mkono ukachoka na moyo pia.

Rahma kapiga simu kuuliza kuta zina rangi gani, ili achague khanga za kuja nazo. Nimemwambia ni rangi ya asali.

Alhamisi, 9 Oktoba

Gitau kaja na habari. Kasema huko Temple Hills mabenki yanachukua nyumba za watu walioshindwa kulipa mkopo. Askari wa kaunti wanakuja asubuhi, vitu vyote vinatolewa nje, vinawekwa kwenye nyasi kando ya barabara. Mwenyewe akichelewa, anayepita anachukua. Kasema yeye ana pikapu, mimi nina shida, basi tugawane.

Nilisita. Mali ya mtu ni mali ya mtu. Halafu nikawaza: mvua itanyesha, vitaoza, na kuacha kitu kizuri kioze ni israfu, na israfu ni dhambi. Kwa hiyo nitakuwa naepusha dhambi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Siku yenye baraka. Baada ya sala ya Ijumaa Gitau kanipitia. Tumezunguka mitaa ya Temple Hills mpaka tukaiona: nyumba ya matofali mekundu, kufuli jipya mlangoni, na maisha ya mtu yamemwagwa kwenye nyasi. Makochi mawili ya kahawia. Kabati la vioo. Meza na viti vyake. Yaani kila nilichomwambia Rahma, kama vile mwenye nyumba alikuwa anasikiliza simu zetu.

Hatukuwa peke yetu. Mama mmoja alishika upande wa pili wa meza, tukavutana. Kasema yeye ndiye aliyeiona kwanza. Nikamwambia mke wangu anakuja kutoka Afrika baada ya kuningoja miaka yote hii. Akaiachia, akanipa na hongera. Wamarekani wana huruma.

Gitau kachukua televisheni na masufuria makubwa ya ajabu, ya kupikia jeshi, meusi matako. Kasema atayauza kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Makochi yananukia udi. Wamarekani siku hizi wanajua mambo.

Jumapili, 12 Oktoba

Makochi yamekwama kwenye ngazi. Tumeyageuza, tumeyasimamisha, tumeyasihi. Jirani wa juu kashindwa kushuka kwenda kanisani, kasali pale pale kwenye ngazi, nadhani alikuwa anatuombea mabaya. Mwisho nikachukua msumeno, nikakata miguu yote, na mkono wa kochi moja pia. Yakapita.

Sasa ukikaa magoti yanafika kidevuni. Lakini sebule imejaa. Nimekaa humo nikaitazama nyumba yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nije nchi hii nimejisikia mtu.

Ijumaa, 17 Oktoba



Leo msikitini, baada ya sala, Faisal kasimama. Faisal ndiye huchangisha kwenye misiba na harusi zetu, anaishi Springfield na mkewe. Kasema Bimkubwa katolewa nyumbani kwake. Mkopo ulipanda ghafla, mshahara haukupanda. Askari walikuja akiwa kazini, anamlea mzee mmoja mgonjwa. Alipopata habari alikimbilia kukodi lori. Aliporudi, kwenye nyasi palikuwa pamebaki ufagio.

Nyumba ya matofali mekundu. Temple Hills.

Bimkubwa ni Mzanzibari, mama wa watu wote. Hakuna harusi yetu ambayo hakupika, hakuna maiti wetu ambaye hakuwapikia wafiwa wake. Nilipofika nchi hii, katikati ya baridi, nimevaa shati, ni yeye aliyenitolea koti la marehemu mumewe akanivisha. Nalivaa mpaka leo. Wakati huo alikuwa amepanga chumba mjini. Aliponunua nyumba yake alitualika wote tukasome dua. Sikwenda. Nilikuwa na usingizi.

Faisal kaomba Mungu awaonyeshe wezi wale malipo yao hapa hapa duniani. Msikiti mzima ukaitikia amina. Ya kwangu ilisikika kuliko zote.

Nikiwa natafuta viatu vyangu nitoroke, Faisal kanishika bega. Kasema wamemhifadhi Bimkubwa kwao, anakaa tu anaangalia ukuta, lakini aliposikia mke wangu anakuja kainua kichwa. Kasema lazima ampikie bi harusi. Jumamosi ya wiki ijayo, nyumbani kwangu. Nikasema asijisumbue, ana majonzi. Faisal kasema ndiyo dawa yenyewe.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimemweleza Gitau. Nilitegemea atanipa mbinu. Badala yake kakaa chini akashika kichwa.

“Nassor, huyo mama nimekula chakula chake,” kasema. “Ile matanga ya rafiki yako, mimi hata simjui marehemu, akanijazia sahani mara mbili. Turudishe hizi vitu leo leo.”

Nikamwambia akirudisha televisheni, watauliza makochi. Rahma atafika akute saruji na gundi. Nimemwomba anivumilie mpaka mke wangu aione nyumba ikiwa imekamilika, angalau siku chache. Kasema sawa, lakini hakunitazama. Tena kaondoka na pikapu kwenda kuyatafuta yale masufuria.

Sina msaidizi. Bora. Nimepanga peke yangu. Makochi nitayafunika mashuka. Meza itavaa kitambaa. Kabati nitalipaka rangi iliyobaki.

Alhamisi, 23 Oktoba

Rahma kafika. Nimempokea uwanja wa ndege wa Dulles. Kaja na sanduku moja na baibui jepesi, anatetemeka kwa baridi. Nikamvisha koti langu. Kalinusa kola, kauliza ni la nani. Nikasema langu.

Kaingia nyumbani, kasimama katikati ya sebule. Mabomba yakagonga. Kauliza nani anabisha. Kisha kauliza kwa nini makochi hayana miguu. Nikamwambia ndiyo mtindo wa huku. Kauliza asali iko wapi, nikamwonyesha ukuta. Kaegemea kabati, na rangi, ambayo nilidhani imekauka, ikamwachia mchirizi wa maini mgongoni toka bega mpaka kiuno.

Kaomba maji. Kayanywa amesimama.

Usiku kaniambia kwa upole kwamba angekuja hata kama pangekuwa na mkeka tu. Sijui kwa nini watu hawasemi mambo haya mapema.

Jumamosi, 25 Oktoba

Bimkubwa amekuja. Faisal na mkewe wamembeba yeye na vyungu vya pilau. Kakonda. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, akamkumbatia Rahma muda mrefu, kama ndiye aliyemzaa.

Nilikuwa nimemwandalia kile kiti cha plastiki. Hakukiona. Alikwenda moja kwa moja kwenye kochi, kama mtu anayerudi kutoka kazini, akakaa. Magoti yakapanda juu. Akashangaa kidogo. Halafu mkono wake wa kulia ukaenda wenyewe kwenye ufa wa pembeni, chini ya shuka, ukachimba, ukatoka na miwani.

Akaitazama. Akaivaa. Akaangalia sebule yangu yote, taratibu: meza, viti, kabati.

“Nassor,” kasema, “kabati hili umelipaka lini?”

Nikasema nimelinunua kwa Mhindi mmoja, likiwa hivyo hivyo.

“Mlango wake wa kushoto haufungi.”

“Haufungi, Bimkubwa.”

“Unauinua kidogo kwanza.”

Kainuka, kauinua mlango, kausukuma. Ukafunga. Rangi ikamshika vidoleni. Kajifuta kwenye leso yake, polepole, kidole kimoja kimoja. Faisal kaniangalia mimi, kisha akaangalia chini, na heri angenipiga.

Bimkubwa karudi kwenye chungu, kapakua sahani ya kwanza, kampa Rahma. “Karibu Marekani, mwanangu,” kasema. “Kula, ingali moto.” Ya pili kanipa mimi. Nyama nyingi kuliko zote. Nimeila yote, kwa sababu kuiacha ingekuwa kukiri.

Jumapili, 26 Oktoba

Rahma kaamka mapema, kayavua makochi mashuka. Kisha kashuka mwenyewe kumgongea Gitau. Hata hawajuani, ila kwenye simu nilikuwa nikimtaja jirani wa chini mwenye pikapu. Baada ya muda wamepanda wote wawili, wakaanza kutoa vitu, na mimi nikashika upande ulioachwa.

Tumevipeleka Springfield, kwa Faisal, vikawekwa chini kwenye chumba cha boila la kupashia nyumba joto. Bimkubwa alisimama mlangoni akivihesabu kwa macho. Hana nyumba ya kuviweka. Kasema makochi yatupwe tu, yamekatwa miguu, na yeye hana nguvu ya kuyatengeneza. Aliuliza masufuria. Gitau alikuwa amelipata moja tu, kalinunua tena kwa fedha yake, kalisugua mpaka likang'aa. Mama wa watu akalipokea, akakaa nalo mapajani, na hapo ndipo alipolia. Gitau akalia naye. Mimi nilikuwa nabeba viti.

Nilikwenda kumwomba radhi. Nikaanza kumweleza kuhusu mvua na israfu. Akaniinulia mkono ninyamaze. Kasema amenisamehe tangu jana, kwa sababu kubeba chuki ni kazi na yeye tayari ana kazi mbili.

Wakati wa kuondoka Rahma hakupanda pikapu. Kasema atabaki kumsaidia Bimkubwa kwa siku chache. Nikauliza ngapi. Kasema atarudi siku nitakayomwita kwenye nyumba isiyo na uongo ndani, hata kama haina kitu. Koti kanirudishia. Alikwishaambiwa la nani.

Jumatano, 29 Oktoba

Nyumba tupu. Mabomba yanagonga, hakuna wa kuyauliza. Gitau tukipishana kwenye ngazi ananisalimia kwa kichwa tu, na pikapu nimeambiwa niisahau.

Nimekuwa na muda wa kutafakari. Nimejihoji bila kujionea huruma, na nadhani kosa langu nimeliona. Temple Hills ni karibu mno. Mtu akitaka vitu kama vile aende mbali, mahali asipojuana na yeyote. Rahma anataka nyumba isiyo na uongo. Basi vikiwepo makochi na meza kweli, nilichomwambia kwenye simu kitakuwa kweli, na uongo utakuwa umekwisha wenyewe.

Dereva mmoja anayeegesha kwetu kaniambia mtaani kwake, nje kabisa ya mji, kuna nyumba imebandikwa karatasi ya benki mlangoni, ya kuwatoa wenyewe. Leo nikapanda basi kwenda kutazama. Ni kweli. Mzee mmoja alikuwa uwanjani anakusanya majani na reki, mkewe amekaa ngazini amejifunika blanketi. Nikawasalimia kwa adabu. Mzee akaniuliza kama nimepotea njia, nikasema hapana, natazama tu mtaa. Akaniambia ni mtaa mzuri, wamelea watoto wao wote hapa.

Dirishani linaonekana kochi la kijani, zuri, lenye miguu yake yote.

Ijumaa nitapita tena.