Kamisi wa Koboko na Taa Iliyokataa Kulala

Sogeeni, enyi wenye masikio, wekeni chini majembe ya Aroi na mizani ya soko la Koboko, na wewe unayepuliza chai, iache ipoe, maana habari hii haijapoa tangu miaka ya tisini ilipoanza! Sikieni vita vya Kamisi mwana wa Sule, simba wa barabara ya Koboko, mfunga boneti kwa mkono mmoja, alivyopambana asubuhi nzima na adui asiyezidi punje ya mtama.

Siku hiyo shujaa alikuwa Arua, uwanjani kwa fundi Ezati, amemwaga oili kuukuu ya pikapu yake na kumimina mpya kwa heshima ya abiria mmoja mkuu. Abiria huyo alikuwa mama mkwe wake, Mama Margaret wa Aroi, mjane wa dereva wa malori ya jeshi. Tangu Kamisi amwoe Candia, mama huyu hakuwahi kukanyaga nyumba ya binti yake, na leo, jamani, leo alikuwa amekubali kwenda kulala huko Koboko! Candia alikuwa ameikandika nyumba upya kwa udongo mwekundu, ukuta kwa ukuta.

Candia na mama yake walipokwisha kupanda, Kamisi akawasha. Injini ikanguruma kwa adabu, na pale kwenye dashibodi ile taa ndogo nyekundu ya kukumbusha oili ikawaka, ikatulia, ikamtazama.

Sasa jueni kwamba kwa desturi za kule mkwe hampandishii macho mama mkwe wala hamtupii neno uso kwa uso. Maneno hupita kwa mke, hata wote watatu wakiwa kiti kimoja na mke kakaa katikati kama ukuta. Mama Margaret, aliyekuwa akifuma kitambaa cha kochi, akasimamisha sindano.

"Candia, mwambie huyo aliyekuoa. Ile taa ya breki ya mkono naijua, breki ikishuka inalala. Hii ingine hapana. Mwaka ule wa kukimbia vita, lori ya baba yako iliwaka taa nyekundu hivi hivi. Akasema, twende tu. Lori ikakufa porini, tukatembea na miguu mpaka Sudan, wewe iko mgongoni. Mimi gari ya taa sipandi tena. Narudi Aroi."

Akashuka na furushi lake, akaketi juu ya tairi mbovu, akaendelea kufuma. Kamisi alikuwa amesikia kila neno, lakini desturi ni desturi, akangoja aambiwe. Candia akamwambia yote, kisha akaongeza yake kwa sauti iliyokatika: "Kamisi, akirudi leo, kwangu hafiki tena. Namjua mama."

Hapo moyo wa shujaa ukachemka. Akasimama katikati ya uwanja, akaihutubia tairi, si aliyeikalia.

"Candia, mwambie mama! Oili iko mupya! Hii taa si ugonjwa, inahesabu kilomita tu, haijui kama tumebadilisha! Mimi Kamisi, mutoto ya Sule, nimevuka matope ya Lurujo usiku na mvua, taa moja itanishinda mimi?"

"Mwambie basi aizime," akasema Mama Margaret, bila kuinua kichwa.

Ikaanza vita. Duku, aliyemuuzia gari, alimfunulia siri zamani: pembeni mwa kioo cha mita mna kizibo cha raba, nyuma yake kitufe, ukikibonyeza, taa italala. Kamisi akang'oa kizibo, akatuma kidole chake, jemadari wa vidole. Hakikupita hata ukucha. Akatuma njiti ya kiberiti, ikavunjika. Akatuma spoku ya baiskeli, nene. Akachomoa waya wa betri, akaurudisha, na taa ikarudi nayo, haina hata haya.

"Mzee, bandika plasta juu," akashauri Ezati. "Nani ataona?"

"Mimi nitaona," ikasema tairi.

Lo! Shujaa akainamisha kichwa, jasho likimtiririka, macho yake yakikwepa uso asioruhusiwa kuutazama. Yakashuka, yakafika mikononi mwa mama mkwe, yakakwama pale. Sindano ya kufumia! Ya chuma, nyembamba, ndefu, inacheza kwenye uzi.

"Candia," akanong'ona, "niombee sindano ya mama."

Ujumbe ukaenda, hatua mbili, ukarudi na jibu: "Nimebakiza safu moja." Shujaa akangoja safu ile, ndefu kuliko barabara ya Koboko. Hatimaye sindano ikalazwa juu ya tairi, Candia akaiokota, akampa mumewe kwa mikono miwili.

Akaingiza. Akabonyeza. Kitu kikalia tik, na taa ikafumba jicho lake.

Ezati akapiga debe tupu, Candia akapiga vigelegele hadi kuku wa jirani wakatawanyika, na Mama Margaret akatazama dashibodi kwa muda mrefu, akakunja kitambaa, akapanda. Kamisi akashika usukani kwa kifua kilichojaa, akatia gia, akakanyaga mafuta. Pikapu ikalia, ikatetemeka, ikagoma.

Akakanyaga tena, ikagoma tena.

"Mwanangu," ikasema sauti ambayo haijawahi kumsemesha maishani, "breki ya mkono."

Kamisi akaachia usukani. "Candia," akasema, akitazama kioo, "mwambie mama, nimesikia."

"Mwambie mwenyewe," akasema Candia, akicheka na machozi yakimtoka.

Simba wa barabara ya Koboko akanyoosha mkono. "Ndiyo, mama," akasema, akashusha breki.

Basi andikeni, enyi mnaoandika mambo makuu ya dunia: taa ilizimwa Arua, na jua lilipotua Koboko, Mama Margaret alikuwa ndani ya nyumba ya Candia, anapapasa ukuta mpya kwa kiganja, anasema umekandikwa vizuri.