Neno Lililowaondolea Ng'ombe Wangu Rangi

Kwa Mhariri wa Kamusi,

Ndugu Mhariri,

Shikamoo kama umenizidi umri. Kama sivyo, marahaba. Nakuandikia kutoka Ushirombo, na nimekasirika. Mwanangu Festo, mchimbaji wa Nyarugusu, anataka kumwoa Sesilia wa Didia. Wakwe wakaomba kwanza picha za ng'ombe kumi na wawili wa mahari. Kalisti, mpiga picha wetu, akazisafisha zikatoka zote za kijivu. Nilipouliza rangi zimekwenda wapi, akanifungulia kamusi yenu: "monokromu". Basi pokea malalamiko yangu.

1. Mmeandika kwamba neno hili limetoka Ugiriki: monos ni moja, khroma ni rangi. Hongereni kwa kusafiri mbali. Sisi huku picha ya namna hiyo tunaiita picha iliyoishiwa wino, na jina hilo hatukulifuata ng'ambo.

2. Mmeongeza kwamba zamani sana khroma ilikuwa ngozi. Ngozi! Sisi ng'ombe tunamjua kwa ngozi yake: huyu mwekundu, huyu wa mabaka, yule mweusi mwenye paji jeupe. Neno lililozaliwa kwenye ngozi limekuja kuwachuna ng'ombe wangu, nanyi wasomi mkalipa nafasi kitabuni kama mgeni rasmi.

3. Wakwe walipoziona picha wakasema tumempiga picha ng'ombe mmoja mara kumi na mbili. Mimi, mzee wa kanisa, nimeitwa tapeli! Festo hali chakula. Sesilia amenyang'anywa simu. Tumepewa mpaka Jumapili, la sivyo uchumba umekufa, na mimi inaniuma.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, mlifute neno hilo. Mkishindwa, liongezewe maana ya pili: ugonjwa wa picha unaovunja uchumba. Pia mniandikie barua yenye mhuri niipeleke Didia, ithibitishe kwamba ng'ombe ni kumi na wawili na mkosaji ni Mgiriki.

Nawasalimu wote hapo ofisini, pamoja na aliyelileta neno hilo, ingawa hastahili.

Ni mimi mwenye uchungu,
Marcel Mihayo

Nyongeza: Katika barua hiyo msiwashauri wakwe waombe picha za rangi. Ng'ombe ni saba. Watano wa ziada pichani ni walewale, tuliwageuza upande wa pili, na aliyemwomba Kalisti aondoe rangi ni mimi. Festo hajui.