Nilivyopona Kiharusi Nisichokuwa Nacho

Leo nimeumbuka. Si kuumbuka kwa kujikwaa sokoni ukainuka ukajifanya unatafuta kitu. Hapana! Nimeumbuka mbele ya foleni nzima ya wagonjwa, mbele ya mlinzi wa getini, mbele ya jirani yangu, na aliyekaa mstari wa mbele ni mama mkwe. Naandika nikiwa nimelala, mguu uko juu ya mito miwili.

Wanaonijua wanajua kazi yangu. Ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Kigoma mjini, kazi ya kuwarudisha watu kwenye miguu yao. Chini yangu yupo msaidizi mmoja, Ezekieli, baba wa watoto wawili, mpole, akibanwa kidogo tu Kirundi cha wazazi wake kinamtoka. Leo ilikuwa siku ya kumpima. Akifaulu, anaruhusiwa kuhudumia wagonjwa peke yake kwenye zahanati ya Simbo, ambako kuna watu waliopooza wamelala ndani kwa sababu hawana namna ya kufika mjini. Akifeli, anabaki kusukuma viti vya magurudumu. Na hii ilikuwa mara ya pili. Ya tatu haipo.

Mara ya kwanza kilichomwangusha ni mdomo. Jirani wa mgonjwa aliuliza tu, "Vipi, atapona?" Ezekieli akamweleza yote, mpaka habari za choo. Nilimfelisha mwenyewe, na iliniuma. Tangu hapo kila asubuhi wimbo wangu ni mmoja: habari za mgonjwa ni za mgonjwa. Hata akija nani, husemi.

(Hilo likumbukeni. Limenirudia usoni.)

Basi asubuhi ziwa likachafuka. Mgonjwa wetu wa mtihani, mzee kutoka vijiji vya mwambao, boti yao haikutoka. Mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali yetu, anataka jibu kabla ya adhuhuri, gari la kwenda Simbo limeshajazwa mafuta. Ezekieli amesimama anakunja na kukunjua mikono ya koti lake. Nikamwonea huruma. Na mimi nikiona huruma huwa naharibu.

"Mgonjwa nitakuwa mimi," nikasema.

"Wewe, madam?"

"Mimi. Kushoto kote kumepooza, na kusema siwezi. Mpaka nitamke kwa mdomo wangu kwamba mtihani umekwisha, mimi ni mgonjwa. Hata hospitali iungue!"

"Sawa, madam."

"Madam ni nani?"

"Sawa, mama."

Nikavua koti jeupe, nikajifunga kanga, nikapanda kitandani. Mdomo nikaulegeza upande mmoja. Mate nikayaachia kidogo. (Shuleni kwenye maigizo nilipewa nafasi ya mti. Nilikuwa na deni na dunia.)

Ezekieli akaanza. Akanisalimia vizuri, akanieleza anachotaka kufanya, akaleta kiti cha magurudumu. Akakiweka kushoto kwangu.

Jamani, kushoto! Upande uliopooza! Mgonjwa wa kweli ukimhamishia huko anakwenda chini kama gunia la dagaa. Nilitaka kukohoa, nilitaka kumkonyeza, lakini mimi ndiye mpimaji na mpimaji haibi mtihani. Nikamtazama tu, mate yanatiririka. Ezekieli akashika mkono wa kiti. Akasita. Jasho likamtoka puani. "Oya, oya," akajisemea kwa Kirundi, hapana, hapana, akakizungusha kiti mpaka kulia kwangu, akafunga breki zote mbili, akazijaribu.

Akanihamisha salama. Akanisukuma hadi barazani, kwenye vyuma viwili ambavyo wagonjwa wanajishikilia kujifunza kutembea. Baraza letu linatazamana na foleni, na foleni inatazamana na geti. Kilichobaki ni nisimame, nitembee mpaka mwisho wa vyuma, nikae salama. Basi. Simbo ilikuwa hapo mbele, naiona.

Ndipo akatokea Mama Zubeda.

Mama Zubeda ni jirani yangu mtaani Buzebazeba. Ukiwa naye huhitaji redio. Alikuwa anampelekea kaka yake wodini ugali na samaki wa mgebuka, bakuli kichwani. Akanipita. Akasimama. Akarudi kinyumenyume.

"Mama Salma?"

Kimya. (Siwezi kusema, nimepooza.)

"Mama Salma, ni wewe? Jana si tumeteka maji pamoja?"

Nikamkonyeza kwa jicho zima, ajue ni mchezo.

"Mawe weee!" akapiga yowe la Kiha la kumlilia mama, lililogeuza foleni nzima. "Hata jicho linamcheza lenyewe! Baba, amepatwa na nini huyu?"

Ezekieli akageuka. Hapa ndipo alipoanguka mara ya kwanza, na yeye anajua, na mimi najua.

"Samahani, mama. Habari za mgonjwa siwezi kuzisema."

"Mimi jirani yake!"

"Hata ungekuwa dada yake, mama. Samahani sana."

Nilitaka kupiga makofi! Furaha ilinipanda mpaka machozi yakanitoka, na Mama Zubeda alipoona mgonjwa analia, akaweka bakuli chini akatoa simu.

"Bibi Mwasiti? Kaa chini kwanza. Umekaa?"

Bibi Mwasiti ni mama mkwe wangu. Anakaa Ujiji. Ana presha.

Sasa niambieni nyie mngefanyaje. Nikitamka kwamba umekwisha, mtihani umekatika, na uliokatika hauhesabiki. Nikinyamaza, Ujiji inawaka. Nikajiambia, Mwasiti hajawahi kunipenda hivyo, ataanza kwanza kumaliza kupika. Tumalize haraka, nimpigie. Lakini Ezekieli hana haraka! Nilimfundisha mwenyewe: mgonjwa hakimbizwi. Akanifunga mkanda kiunoni, akasimama kushoto kwangu, goti lake likizuia goti langu. "Tukiwa tayari, mama. Polepole." Nikasimama. "Pumzika kwanza, mama." Nikapumzika, roho juu. "Mguu mzima usubiri, tuanze na huu." Kila kitu alichofanya kilikuwa sahihi, na kila kilicho sahihi kilikuwa kinaniua.

Tumefika katikati ya vyuma, bajaji ikaingia getini inapiga honi.

Akateremka mama mkwe. Mkono mmoja chupa kubwa ya uji, kwapani mkeka. Mkeka! Amekuja kulala. Akaja mpaka chini ya ngazi za baraza, akaniona. Kanga imeenda upande, mdomo umeenda upande, nimeninginia kwenye mkanda wa mwanaume.

"Mwanangu!" (Tangu niolewe sijawahi kuitwa hivyo.) "Mwanangu mimi! Ya Rabi nisamehe, nimemsema pilau lake Ujiji nzima, na wala si baya hivyo!"

Kisha akashika kifua. Mkeka ukamdondoka ukatandazika chini ya ngazi, akaanza kuinama. Mzaha uliniisha hapo hapo, nikaogopa kweli. Nilimwona kabisa anakufa mbele ya macho yangu kwa ugonjwa wangu wa uongo.

Nikachomoka.

"Mama! Mzima mimi! Sina kitu!"

Nimeruka vyuma, mkanda unaburuzika, mbio kumfuata. Nyuma yangu namsikia Ezekieli anakuja na kiti cha magurudumu kwa kasi: "Mama! Usitembee peke yako! Mama, kaa!" Maana ile kauli ya kwamba mtihani umekwisha sikuitamka. Foleni ikasimama yote.

"Ametembea!"

"Amesema!"

"Yule baba kamgusa tu!"

Bibi mmoja akaanza kumshukuru Mungu kwa sauti, mwingine akarusha fimbo yake. (Akaihitaji dakika hiyo hiyo.) Na mimi, mtaalamu wa miguu ya watu, ninayewafundisha wilaya nzima namna ya kushuka ngazi, nikaikanyaga kanga yangu kwenye ngazi ya baraza.

Nilitua kwenye mkeka. Afadhali mkeka, lakini chupa ya uji niliikumba mkononi mwake, ikatua na mimi, ikafunguka. Kifundo cha mguu kikalia *ko*. Mama mkwe, aliyekuwa anakufa, akapona papo hapo akasimama kunitazama.

"Ezekieli," nikasema kutoka ndani ya uji, "mguu. Nimeumia."

Akapiga goti. "Pole, mama. Nionyeshe panapouma."

"Nimeumia kweli. Huu si mtihani."

"Ndiyo, mama," akajibu bila kuinua macho, anakipapasa kifundo taratibu. "Jaribu kuchezesha vidole."

"Ezekieli! Mtihani umekwisha!"

Hapo ndipo alipoinua uso. Watu wote wametuzunguka, na sauti yake ikatoka ndogo kabisa.

"Nimefaulu, madam?"

Uji unanichuruzika masikioni. Vyuma hatukuvimaliza, lakini siri ameitunza na mgonjwa hakumwacha. Nikasema, "Umefaulu." Akafunika uso kwa mikono, mabega yanatikisika, na hata mimi, na maumivu yangu, nikalia kidogo.

"Mtihani?" akauliza mama mkwe polepole. "Mtihani gani? Ezekieli, huyu alikuwa anaumwa au hakuwa anaumwa?"

Ezekieli akajifuta machozi, akamtazama kwa heshima zote.

"Samahani, bibi. Habari za mgonjwa siwezi kuzisema."

Basi. Presha ya mama mkwe imepimwa, iko sawa kuliko yangu. Gari la Simbo limeondoka na Ezekieli, na wagonjwa wa foleni wamegoma kuhudumiwa na mwingine yeyote, wanamtaka yule baba anayegusa mtu akakimbia. Kifundo kimeteguka, nimeambiwa nipumzike. Mama mkwe ametandika mkeka wake sebuleni, uleule wenye uji. Anasema haondoki mpaka nipone. Sasa hivi yuko jikoni anapika pilau, amesema nisikilize harufu nijifunze.

Msicheke. Na anayetaka kujua hali yangu asimpigie Mama Zubeda. Ampigie Ezekieli, hatamwambia kitu.