Nyumba Yangu ya Mlimani

Jumatatu, 3 Machi

Mambo yananyooka! Mwezi mzima hapa karakana ya makochi na hakuna anayejua ninakotoka. Kwao mimi ni kijana wa mlimani, kwenye miti na mageti. Siku ya kwanza niliulizwa nakaa wapi, mdomo ukatangulia akili. Ningesema nini? Ukitaja mtaa wetu, watu wanapapasa mifuko yao. Wakisikia na lugha tunayosema nyumbani, wanauliza nimekuja lini. Nimezaliwa hapa. Mama yangu naye kazaliwa hapa.

Leo Dereva, yule anayepeleka makochi kwa wateja na pikapu ya kazini, kasema atakuwa ananipeleka nyumbani jioni. Eti mlimani ni njiani kwake, anakaa mbele kidogo. Sikupata pa kukatalia. Nikamwonyesha geti la kijani, la kwanza lililonipendeza. Nikashuka, nikapunga mkono. Akasubiri niingie! Nikainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba. Hatimaye akaondoka, nami nikaushuka mlima wote kwa miguu mpaka kwetu bondeni. Chakula kilikuwa kimepoa.

Jumanne, 4 Machi

Nusura niumbuke. Chumba cha vitambaa tunaingia miguu mitupu, maana vumbi linaharibu mahameli. Nikavua viatu nikaviweka dirishani. Kwetu ndivyo kila mtu afanyavyo, hata sakafu ikiwa kavu, kwa sababu maji ya mtaro yakifurika hayabishi hodi. Mkono umezoea, hauulizi.

Kipara akaona. Huyu anashona foronya za mito, na tangu nije ananitazama kama nimemkalia kiti, kwa kuwa sote wawili tunakitaka cheo cha msaidizi wa Fundi Mkuu. Akauliza kulikoni. Nikamjibu kwa utulivu kwamba mlimani viatu vya maana haviwekwi chini. Basi! Jioni viatu vyake vilikuwa juu ya rafu. Hata Fundi Mkuu kaweka vyake juu ya marobota ya sponji. Nimewastaarabisha.

Dereva peke yake hakuuliza kitu. Vyake vilikuwa juu ya stuli tangu asubuhi. Mtu wa watu wakubwa, utamjua tu.

Jumatano, 5 Machi

Mama kanipigia simu kazini. Anaongea lugha yetu, na kwa sauti, kama kawaida yake. Nikamjibu kwa Kiswahili cha karani wa benki: ndiyo mama, bila shaka, nitakupigia. Akaniuliza kama kuna mtu amenishikia kisu.

Nyumbani alinipakulia chakula bila kuniangalia. Mwishowe akasema mkataa kwao ni mtumwa. Nikamwambia mtumwa halipwi mshahara, mimi nalipwa. Nilidhani atacheka. Akaenda kulala.

Vijana wa kijiweni, niliokua nao, siku hizi wananiita Mheshimiwa. Nikipita wananyamaza mpaka nipite. Zamani nilikuwa na nafasi yangu pale, kwenye tofali la mwisho. Sasa nakaa kitandani naandika haya. Wanacheka huko nje, nasikia kila kitu, na hakuna anayeniita.

Alhamisi, 6 Machi

Mkasi mkubwa wa kukatia kitambaa umepotea. Kipara akasema labda amepita mtu wa kule, akautaja mtaa wetu. Watu wakacheka. Mimi nikaanza kucheka kabla yao na kumaliza baada yao. Kisha nikaongeza la kwangu: kule ukitundika koti, ukirudi unakuta kivuli chake tu. Walishika mbavu! Kipara akanipiga begani kwa mara ya kwanza. Nilifurahi, siwezi kudanganya.

Dereva hakucheka. Alikuwa anafunga kochi kwa kamba, akaendelea kufunga.

Mkasi umeonekana chini ya sponji ya Kipara. Alikuwa ameukalia. Hakuna aliyesema lolote kuhusu watu wa mtaa wa Kipara. 

Ijumaa, 7 Machi

Ndani ya pikapu Dereva akaanza kusema jambo. Kwamba na yeye, kwa kweli, huko anakokaa... Nikamkata kauli mapema. Mtu akianza kueleza kwake, atataka na wewe ueleze kwako. Nikamweleza bustani yetu, na mbwa wetu, na jinsi mbwa asivyopenda wageni. Akaendesha mpaka kwenye geti. Nimelinda siri kwa ustadi mkubwa. Njia ya kushuka leo imekuwa ndefu kuliko siku zote.

Jumapili, 9 Machi

Mvua. Mtaro umefurika, maji yameingia mpaka magotini. Mama akaniambia tuokoe kabati la vyombo. Zito! Upande wangu ukawa unazama. Mara mkono wa mtu ukalishika toka mlangoni, tukalinyanyua, tukaliweka juu ya meza.

Dereva! Suruali imekunjwa, matope mpaka kiunoni. Akatueleza kwamba anakaa nyuma yetu, vichochoro viwili tu. Kila jioni akishanishusha, huirudisha pikapu karakana na kushuka kwa miguu kama mimi, kwa njia ya upande wa pili.

“Nilikujua kwa viatu,” alisema. “Kesho tushuke wote, bwana. Nimechoka kuzunguka peke yangu.”

Nilitaka kusema ndiyo. Naapa. Koo lilikuwa tayari. Lakini mdomo wangu, huu huu, nikiwa nimesimama ndani ya maji ya nyumbani kwetu, nimelishikilia kabati la mama yangu, ukasema:

“Samahani, ndugu, umenifananisha.”

Mama aliniangalia kama mgeni aliyekosea mlango. Kisha akamshukuru Dereva kwa lugha yetu. Dereva akajibu kwa lugha hiyo hiyo, vizuri kuliko mimi.

Jumatatu, 10 Machi

Dereva kaharibu kila kitu. Asubuhi kamwomba Fundi Mkuu ruhusa, maji yameingia kwake. Akautaja mtaa, kwa sauti, mbele ya watu wote. Nikangoja kicheko. Nilikuwa hata nimeuweka mdomo tayari.

Hawakucheka. Kipara akaiweka sindano chini, akauliza kama kuna ndoo za kutosha. Fundi Mkuu akatoa turubai na sponji zilizobaki, akafunga karakana mapema. Wote wakapanda pikapu. Dereva akaniangalia kupitia dirishani. Hakunitaja, hakunifichua. Akaniuliza tu kama nakuja.

Nikasema mama ananisubiri mlimani.

Kipara alikuwa ananitazama toka nyuma ya pikapu, kwa hiyo ilinibidi nielekee mlimani kweli. Nimepanda mpaka kwenye geti la kijani. Siwezi kurudi kwetu: wako pale wote, wanachota maji vichochoro viwili kutoka kitandani kwangu, na labda sasa hivi mama anawapa chai. Naandika chini ya taa ya watu. Mlinzi ametoka mara mbili kuniuliza namtafuta nani. Nikamwambia naupumzisha mguu. Nina upweke ambao sijawahi kuuona.

Lakini nimeshafikiri, na nimeona kosa liko wapi. Mlimani ni karibu mno! Kesho nitawaambia tumehama, tumekwenda ng’ambo ya mlima, ambako pikapu haifiki. Baada ya hapo hakuna atakayenisumbua tena.