Figo Langu na Jamu ya Balungi

Jumatatu, 3 Juni
Binti yangu Janelle kamaliza dripu ya tatu. Bado ya nne, Jumatano ya wiki ijayo. Saratani ya ngozi imeanza kunywea! Nimelia kwenye taulo la vyombo. Halafu nikakaushia vyombo taulo lilelile, sikuona jingine.

Mfamasia wa hospitali, binti anaitwa Quyen, kaniita na mimi. Kaeleza polepole, kama anajua niliacha shule mapema nikafunge machungwa kwenye makasha. Vidonge vya figo vinawalaza askari wa mwili wa Janelle. Dripu ya saratani inawaamsha. Wakiamka sana watalipiga figo, maana ni geni.

Geni! Figo langu! Nililitoa ubavuni mwangu mwenyewe nikampa, miaka sita sasa!

Akasema nisimpe mtoto kitu bila kumwuliza. Hasa balungi. Linafanya vidonge vijae kwenye damu kupita kiasi. Nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa nalifikiria figo.

Jumanne, 4 Juni
Nimewaza. Figo lile limeishi na mimi miaka hamsini na mbili. Kila asubuhi lilipata jamu yangu ya balungi. Sasa linalishwa jamu ya machenza ya Glenys, mama yake mkwe wangu Trent. Tamu kama dawa ya kikohozi ya watoto. Figo limenuna, lazima. Na mgeni akinuna ndipo askari wanamwona.

Glenys amechukua zawadi ya kwanza mara mbili kwenye maonyesho ya machungwa ya hapa mjini Gayndah. Majaji walikuwa na mafua.

Jumatano, 5 Juni
Nimetenda. Jamu ya Glenys nimeimwaga, chupa nimeiosha, nimejaza ya kwangu. Karatasi yenye jina lake nimeiacha palepale. Quyen alisema balungi. Hili limechemka kwa saa tatu pamoja na kilo ya sukari. Si balungi tena, ni jamu.

Janelle kala slesi tatu. Kasema, "Mama, safari hii Glenys kajitahidi." Nimefurahi na kuumia kwa pamoja.

Jumamosi, 8 Juni
Mikono ya Janelle inatetemeka. Kammwagia paka chai. Kichwa nacho kinamuuma. Nimemwambia ni baridi ya Juni. Nimemwongezea jamu.

Jumatatu, 10 Juni
Majibu ya damu yamekuja. Figo limeyumba! Daktari anasema huenda askari wameamka, wameanza kulipiga. Dripu ya Jumatano hakuna. Badala yake watamchoma sindano ndefu, watoe kipande cha figo wakichunguze. Wakithibitisha, dripu ya saratani basi.

Basi! Na saratani ndiyo kwanza inanywea!

Nimeinama kwenye tumbo lake nikaongea na figo. Tulia, mama yuko hapa. Janelle kasema nitoe kichwa, anatazama raga.

Jumanne, 11 Juni
Siku mbaya kuliko zote. Quyen kapiga simu ya video, sote tuko mezani, Glenys naye. Kidonge kwenye damu kiko juu zaidi ya mara mbili. Kauliza Janelle anakula nini. Janelle kasema hakuna jipya, ila jamu ya Glenys siku hizi ina uchungu fulani mzuri.

Quyen kaomba kuiona chupa. Glenys kaiinua kwa madaha, jina lake mbele. Quyen kauliza, kuna balungi humo? Glenys kajibu kwamba afadhali atie sabuni. Kaonja. Kakunja uso. Kasema si yake, yeye hapiki viatu.

Viatu!

Trent kamgeukia mama yake, kamwambia, "Mama, sema kweli bwana, mtu anaumwa hapa." Glenys kaanza kulia. Mungu anisamehe, nilinyamaza. Nilimeza mate mara nne, na mara mbili za mwanzo nilikuwa nafurahia.

Kisha Quyen akasema kama si jamu, basi sindano ni kesho saa mbili asubuhi.

Nikasimama. Nikasema ni mimi. Nikaeleza yote, hadi figo kununa. Janelle akanitazama, akauliza, "Mama, umenilisha balungi wewe?" Nikasema kidogo tu. Trent akainua chupa. Ilikuwa karibu tupu.

Glenys akafuta machozi papo hapo. Akauliza kwa upole, mbele ya wote, kama ni kweli niliona jina lake ndilo litakaloiuza jamu yangu. Nyoka yule.

Quyen hakufoka. Bora angefoka. Sindano kaisimamisha, watapima damu tena kwanza. Kisha kanifundisha upya. Balungi linapandisha kidonge. Vingine vinashusha, kama chai ya yale maua ya njano wanayokunywa watu wenye huzuni. Kikishuka, askari wanaamka. Vyote hatari. Nimeandika nyuma ya kalenda.

Ijumaa, 14 Juni
Kidonge kimeshuka! Figo limetulia! Ilikuwa balungi tu, askari bado wamelala. Dripu ya nne ni Jumatatu. Nimelia kwenye shati la Trent.

Janelle kanikumbatia. Kanisamehe. Ila kaniapisha nisiguse mkate wake mpaka Krismasi. Nimeapa, mkono kwenye figo. Lile lililo kwake.

Jumapili, 16 Juni
Dripu kesho. Nimeisoma kalenda mara kumi. Balungi linapandisha. Maua yanashusha. Quyen kasema kila kimoja ni hatari. Kuhusu viwili kwa pamoja hakusema neno! Kijiko cha kile, kikombe cha hiki, vinakutana katikati. Figo linapata jamu yake na hakuna anayedhurika. Ajabu watu wamesoma miaka yote ile na hawajaliona hili.

Nimekwenda kwa Glenys kuomba chai ya maua. Kauliza ya nani. Nikasema yangu, nina huzuni. Kanipa pakiti nzima na kunikumbatia. Ana moyo, sikatai.

Janelle aliniapisha mkate. Skonzi hakuzitaja. Ziko kwenye oveni.