Kapasita za Kwaya

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Jana niliaibishwa kanisani. Kwaya inaimba wimbo wa sadaka, amplifaya ikavuma kuliko besi zote nne. Mama Asenath, mwenyekiti wa kwaya, akatangaza mbele ya kila mtu: wageni wa Kakamega wanakuja Jumapili hii, na mvumo ule usipokwisha, vyombo vya sauti atakabidhiwa Sylvance. Sylvance! Kijana wa tenori, fundi wa redio wa soko la Jericho. Miaka sita nimesimamia vyombo mimi. Nina kiti changu kando ya vifungo, na hakuna anayeongeza sauti bila kunitazama. Ofisini kwetu reli mimi ni karani wa mafaili. Kanisani mimi ni mtu. Nikasimama, nikasema nitaitengeneza mwenyewe. Makofi! Sylvance naye alipiga, ila polepole mno.

Jumanne, 6 Agosti

Ofisini nimesema mgongo unaniuma. Nimefungua amplifaya juu ya meza ya kulia. Ugonjwa nimeuona mara moja: kapasita mbili za pawa, kubwa kama vikombe, zimefura vichwa, na moja inavuja maji ya kahawia. Zimezeeka. Kusema kweli ni Sylvance aliyesema hivyo, nikiwa nyuma yake kwenye foleni ya maziwa. Lakini macho yaliyoona ni yangu.

Mke wangu Nasike ameuliza kwa nini nisimwite huyo Sylvance anisaidie. Nikamuuliza yuko upande wa nani. Akasema yuko upande wa meza yake.

Jumatano, 7 Agosti

Eastleigh, duka la spea la Wehliye. Nilibeba kapasita moja kuukuu mfukoni, ikanivujia suruali nzuri. Wehliye akasoma maandishi yake, akanipa mbili mpya zinazolingana, akanionyesha upande wa chanya na wa hasi. Mtu mwema. Kisha akaanza kunihubiria. Ati hizi hutunza stima ndani hata ukishazima na kuchomoa, kwa hiyo nisiguse kabla ya kuimaliza stima hiyo kwa kuiunganisha na balbu. Nikamwambia nimefanya kazi reli miaka kumi na saba. Akauliza reli na kapasita zinahusianaje. Watu wengine wana wivu tu.

Alhamisi, 8 Agosti

Ushindi! Nilipasha chuma cha kuchomelea kwenye jiko, Nasike akilalamika kwamba sukuma wiki yake inanuka risasi iliyoyeyuka, nikafunga kapasita zote mbili. Nikawasha. Kimya! Hakuna mvumo hata chembe. Nikaweka kaseti ya kwaya, majirani wakatoka milangoni, na Nasike mwenyewe akacheza kidogo na mwiko mkononi. Karibu nilie kwa furaha. Nimeipeleka amplifaya kanisani kwa mkokoteni, nikipitia mbele ya kibanda cha Sylvance, ingawa si njia.

Ijumaa, 9 Agosti

Maombi ya kufunga, saa sita mchana. Kanisa limejaa, watu hawajala tangu jana. Mama Asenath yuko kwenye maikrofoni, mara sauti ikaanza kukatakata. Waya wangu mmoja umelegea! Sylvance akainuka kitini kuja kuona. Nikazima, nikachomoa, nikainua kifuniko, nikaingiza mkono haraka kabla hajafika.

Nilirushwa! Nilipiga ukelele ambao sijawahi kuupiga maishani, nikaanguka chali katikati ya akina mama, mkono ukitetemeka wenyewe. Kanisa zima likapaza Haleluya. Mama Asenath akanishika kichwa, akalia kwamba Ndugu Javan ameguswa na Roho, yeye aliyekuwa baridi miaka yote hii. Ningesemaje? Nikikiri kwamba ni kapasita, vyombo vimekwenda. Nikasema Amina. Mtu mmoja tu alijua ukweli. Sylvance aliniinamia sikioni, akanong'ona, "Mzee, si ungemaliza chaji kwanza?" Kisha akasimama, akatoa Amina kubwa kuliko zote.

Jumamosi, 10 Agosti

Kamati imekaa. Sylvance ametoa hoja kwa unyenyekevu wa kuchukiza: mtu aliyeguswa namna hii asisumbuliwe tena na nyaya. Wote wameafiki. Nimepandishwa cheo, nimeingizwa kundi la maombi, ambalo hufunga siku tatu kila wiki. Vyombo amepewa yeye. Kiti changu pia! Nasike amecheka mpaka akakaa sakafuni, kisha akafunika sufuria.

Jumapili, 11 Agosti

Sauti imetoka safi ajabu, Sylvance amekaza ule waya mmoja tu. Wageni wa Kakamega wakauliza fundi ni nani, na Sylvance akasimama akapunga mkono. Kazi yangu ile! Mimi niko mstari wa mbele na wenye njaa wenzangu, namwona amekaa pale kando ya vifungo, amekunja nne. Imeniuma sana.

Lakini sijashindwa. Baada ya ibada Mchungaji amelalamika kwamba televisheni yake inaonyesha mistari. Sylvance akasema ataitazama Jumanne. Nami nikasema, ya nini kungoja? Nitaifungua kesho asubuhi. Akiona picha imetulia, Mchungaji mwenyewe ataamuru nirudishiwe kiti changu. Mgongo utaniuma tena kesho, ofisini wameshazoea.

Nasike ameuliza kama televisheni nayo haitunzi stima ndani. Nimemwambia aache kunitisha, televisheni hutunza picha tu.