Mkwe Mwenye Haya Ziwani Matema

Alhamisi, 7 Agosti
Nimefika! Wiki tatu za kupeleka mchele Lubumbashi, kulala juu ya magunia, foleni mpakani Kasumbalesa, foleni tena mpakani Tunduma. Nimegusa kitanda changu usiku mmoja tu, na leo Jonasi, mume wangu, kanileta Matema kupumzika. Pamoja na wazazi wake, waliotoka kwao Itumba, Ileje! Nyumba ya kupanga, mchanga mpaka mlangoni, na ziwa lote pale mbele. Nataka kitu kimoja tu: kuelea majini mpaka Jumatatu. Lakini Mama mkwe keshauliza nani atawasha mkaa.

Nikapata wazo. Kwao Ileje, zamani, mke wa mtoto hakuonekana na baba mkwe. Akimsikia anakohoa, anajificha. Siku hizi nani anafuata? Nikafuata! Mzee Ambakisye, baba yake Jonasi, alipotokea tu, nikajitupia kanga kichwani nikakimbilia chumbani. Nikamtuma Jonasi aseme siwezi kupika, jiko liko uani na mzee anakaa uani. Jonasi kanitazama vibaya, lakini kasema. Nimelala mchana mzima. Nina akili mimi!

Ijumaa, 8 Agosti
Mzee kafurahi mno. Jonasi anasema machozi yalimlengalenga. Eti wakwe zake wengine wanamshika mkono na kupiga naye picha, na mimi, Mnyiha wa Iyula, nisiye hata wa kabila lao, ndiye ninayemheshimu. Safi kabisa.

Nikavaa nguo ya kuogelea chini ya kanga, nikachungulia dirishani. Mzee huyo, ufukweni, kwenye kiti, na ndoano! Kutwa nzima. Hakupata hata dagaa. Na hachoki! Mama mkwe akaniletea chumbani sinia la maharage ya kuchambua. Kasema, kwa kuwa mimi siwezi kwenda jikoni, jiko limenifuata. Wametoka nayo Itumba, gunia zima.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimemwambia Jonasi ampeleke mzee gulio la vyungu, Lyulilo. Wakaondoka. Nikakimbia! Maji mpaka shingoni, baridi tamu, mabega yote ya Lubumbashi yakalegea. Nikacheka peke yangu kama mwehu.

Mzee akarudi. Kasahau kofia! Nikazama nyuma ya mtumbwi uliofungwa, pua tu nje. Nilidhani ataingia ndani. Wapi. Akaona kanga yangu mchangani, akageuza kiti, akalipa ziwa mgongo, akatangaza kwa sauti kwamba mkwe wake anaoga na mtu yeyote asisogee. Akakaa kulinda. Njia ya kutokea ni moja tu, na inapita mbele yake! Wavuvi wakarudishwa. Mbwa akarudishwa. Vidole vyangu vikakunjamana, meno yakagongana. Mwishowe Mama mkwe akaja na kanga mbili, akanikinga, tukapita. Alikuwa anacheka mpaka akakwama mlangoni.

Nimekasirika. Lakini mzee kaacha gulio kwa ajili yangu. Sijawahi kulindwa hivyo na mtu yeyote, na nimempenda.

Jumapili, 10 Agosti
Baada ya ibada Mama mkwe kaniita uani. Kasema kwao, baba akitaka kumwondolea mkwe haya, anampa mtamba wa ng'ombe. Mzee kanipa mweusi, yuko Itumba, tayari ana mimba! Nikafunua kanga mbele ya mzee. Tukashikana mikono kwa mara ya kwanza. Akaniita mwanangu, akanikaribisha mezani. Nililia kweli, bila mpango wowote.

Kisha akauliza ugali uko wapi. Haya imeondolewa, na mimi nimerudishwa jikoni! Nikasonga. Sikuona ubaya. Jioni niliogelea na Mama mkwe, yeye na gauni lake zima la kanisani, na mzee akavua samaki mmoja mdogo akatuonyesha kwa fahari. Siku nzuri kuliko zote mwaka huu.

Jumatatu, 11 Agosti
Tuko njiani kurudi. Mama mkwe kaniambia kwamba haya ile si ya baba mkwe peke yake. Ni ya ndugu zake wote wa kiume, na kila mmoja huiondoa vivyo hivyo. Na mzee ana ndugu watano, wote wafugaji!

Nimemwomba Jonasi awaalike wote Krismasi, tena kwa pamoja. Kauliza nitajificha wapi kwenye vyumba vyetu viwili vya Tunduma, na nani atawapikia. Maswali madogo. Mimi nawaza zizi.